Bahati Nasibu na Mfuko wa Taifa

Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo moja, na tofauti ya maneno hayo yafaa kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Kamari ni neno lenye aibu. Lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na katazo lake, kwa kuwa Kurani, katika Sura ya Tano, huiweka kamari daraja moja na ulevi. Na mcheza kamari, katika mazungumzo ya watu, ni mtu asiyekopesheka. Bahati nasibu ni neno la heshima. Huandikwa juu ya tikiti, huchapishwa magazetini, hutajwa na wakubwa bila kuona haya. Hata hivyo mwenye kununua tikiti ya bahati nasibu hutoa fedha yake akitumaini kupata nyingi zaidi kwa jambo asiloweza kuliamua, na mwenye kuonyesha karata njiani hufanya vivyo hivyo. Nani aendeshaye mchezo, na nani agawiwaye fedha yake? Katika historia ya nchi yetu jibu la swali hilo ndilo lililoamua mara nyingi mchezo upi uitwe kamari na upi uitwe bahati nasibu. Nakuomba, msomaji, ulifuate swali hilo pamoja nami.

Ukitoka Mountain View asubuhi na kushuka Barabara ya Waiyaki kuelekea jijini, utapita kando ya Kangemi, utapita Westlands, utafika Museum Hill, na mwisho utaingia katikati ya jiji, ambako Bunge na Hazina ya Serikali vimekaa jirani. Safari yenyewe ni ya maili chache, ijapokuwa magari yakifungamana utadhani unakwenda Nakuru. Katika njia hiyo moja historia yetu yote ya kamari imetandazwa. Kangemi utawaona vijana walioinamia simu zao wakisubiri matokeo ya mpira wa Ulaya. Westlands utaziona kasino zenye taa nyingi na madirisha machache. Museum Hill ndipo ilipofunguliwa kasino mashuhuri ya jiji mwishoni mwa miaka ya 1960. Na Bungeni ndiko zilikotungwa sheria zilizoyafanya mambo hayo yote yawe halali.

Tuanze na siku za ukoloni. Wazungu wa Nairobi walipenda mno mashindano ya farasi, na mashindano ya farasi bila kuwekeana fedha ni kama karamu bila chakula. Uwanja wao wa zamani ulikuwa upande wa mashariki wa mji. Mwaka wa 1954 walifungua mwingine katika Barabara ya Ngong. Yafaa ukumbuke mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Ndio mwaka ambao, mwezi wa Aprili, askari wa serikali ya kikoloni waliuzingira mji, wakapita nyumba kwa nyumba, na kuwatia Waafrika kizuizini kwa maelfu. Mji ulikuwa mmoja na mwaka ulikuwa mmoja: upande huu watu wakipakiwa katika malori, upande ule watu wakihesabu faida ya farasi aliyetangulia.

Mwafrika wa mjini naye alikuwa na mchezo wake, pata potea. Mchezeshaji hukaa kando ya njia na karata tatu juu ya sanduku, huzigeuza upesi upesi, na mpita njia huambiwa aonyeshe moja. Jina lenyewe lajieleza. Mchezo huu ulikuwa na udanganyifu mwingi kuliko bahati, maana mkono wa mchezeshaji ni mwepesi, na wale watu wawili watatu washindao mbele ya macho yako ni rafiki zake. Polisi waliukamata, na walikuwa na haki ya kuukamata. Lakini angalia jinsi sheria ilivyopima. Haikuuliza kama ni vibaya mtu kuhatarisha mshahara wake kwa jambo la bahati. Kama ingaliuliza hivyo, uwanja wa farasi ungalifungwa kwanza. Mchezo wenye daftari, lango na chama chenye jina uliitwa burudani, na mchezo wa sanduku uliitwa kosa.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, serikali mpya ilirithi mambo hayo yote mawili. Ingaliweza kupiga marufuku kila aina ya kamari, na wako viongozi wa dini ambao wangalifurahi. Ingaliweza pia kuliacha jambo lijiendee lenyewe. Ilichagua njia ya tatu. Katika mwaka wa 1966 Bunge lilitunga Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 131 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo iliunda Bodi ya kusimamia mambo hayo na kutoa leseni. Kanuni yake kuu yaweza kuelezwa kwa maneno machache: kamari ni kosa, ila pale Bodi iliporuhusu.

Kwa upande wa bahati nasibu sheria ilikwenda kwa uangalifu zaidi. Ilizitenga bahati nasibu ndogo za faragha na za tafrija, kama zile zifanywazo katika sherehe ya shule au ya kanisa ambapo mshindi huondoka na jogoo, na zile kubwa za umma ziuzwazo nchi nzima. Hizi kubwa zilitakiwa ziwe na kusudi la kuufaa umma, na sehemu isiyopungua 25 katika kila 100 ya mapato yote ilitakiwa ifikie kusudi hilo. Hapo ndipo ilipopata njia bahati nasibu iliyojulikana kuliko zote, Kenya Charity Sweepstake, ambayo vibanda vyake vidogo vilikaa miaka mingi kandokando ya mitaa ya jiji. Mtu alinunua tikiti yake akiwa na visingizio viwili mfukoni: akishinda, ni bahati yake, akikosa, ametoa sadaka.

Tuihesabu sadaka hiyo, maana hesabu ni sehemu ya historia kama zilivyo vita na wafalme. Tuseme tikiti ni shilingi 10. Kwa kipimo cha sheria, shilingi 2 na senti 50 zilipaswa kuwafikia walemavu, yatima au hospitali iliyokusudiwa. Zile shilingi 7 na senti 50 zilizobaki zililipa zawadi, wauzaji, uchapaji, matangazo na faida ya mwendeshaji. Mtu ambaye angalipeleka shilingi 10 zake moja kwa moja kwa yatima angalimsaidia mara nne zaidi. Bila shaka utaniambia kwamba mtu huyo asingalizipeleka, na hapo umesema kweli, na ukweli huo ndio nguvu yote ya bahati nasibu. Huitoa mfukoni fedha ambayo huruma peke yake isingeitoa.

Linganisha na harambee, iliyokuwa ikistawi katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Katika mkutano wa harambee mtu alisimama mbele ya jirani zake, jina lake likasomwa, mchango wake ukatajwa, na shule ikajengwa pale pale alipoweza kuiona kila siku apitapo. Harambee ilikuwa na kasoro zake. Wakubwa waliitumia kujitangaza, na wanyonge walilazimishwa kutoa. Lakini mtoaji alijua fedha yake imekwenda wapi. Mnunuzi wa tikiti hakujua, wala hakuuliza, kwa sababu siku ya matokeo jicho lake lilikuwa juu ya nambari.

Fikira ya serikali kupata fedha kwa bahati nasibu haikuzaliwa Afrika ya Mashariki. Uingereza iliitumia mwaka wa 1694 ilipohitaji fedha kwa vita vyake na Ufaransa. Mwaka wa 1753 Bunge lake liliidhinisha bahati nasibu iliyotoa fedha za kuanzisha jumba la makumbusho la London, lile British Museum ambalo lingali likihifadhi vitu vya nchi nyingi. Baadaye Waingereza wenyewe walichoshwa na ulaghai ulioandamana na mchezo huo, wakafanya bahati nasibu ya mwisho ya serikali mwaka wa 1826. Walikaa bila hiyo zaidi ya miaka 160, wakairudia mwaka wa 1994. Jirani zetu nao hawakukaa nyuma: Uganda ilitunga sheria ya bahati nasibu ya taifa mwaka wa 1967, na Tanzania ilikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa kwa miaka mingi.

Habari za Marekani zinafaa kutazamwa kwa kituo, kwa sababu huko lilizuka jambo ambalo nasi tumelikuta kwa sura nyingine. Mwaka wa 1964 jimbo la New Hampshire, ambalo wananchi wake hawakutaka kutozwa kodi ya mapato wala ya mauzo, lilianzisha bahati nasibu ya jimbo ili lipate fedha za shule. Majimbo mengine yaliona fedha ikiingia, yakaiga moja baada ya jingine. Sasa, katika jimbo la California walikuwako wenyeji wa asili wa nchi hiyo, makabila mawili madogo, waliochezesha bingo na karata katika ardhi waliyotengewa ili wapate kipato. Wakubwa wa jimbo wakataka kuwazuia. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka wa 1987 majaji wakawapa wenyeji ushindi. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa rahisi sana: jimbo ambalo lenyewe linauza tikiti za bahati nasibu na kuwahimiza watu wazinunue haliwezi kusimama na kudai kwamba kamari ni uovu usiovumilika. Mwaka uliofuata, 1988, ikatungwa sheria ya taifa iliyoweka masharti ya michezo hiyo katika ardhi za makabila, na kuagiza mapato yatumike kwa manufaa ya kabila.

Liangalie vizuri neno hilo la majaji. Serikali ikisha kuwa mchuuzi, sauti yake ya mlinzi hupungua. Afrika ya Kusini ilituonyesha sura nyingine ya jambo lilo hilo. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku kamari ndani ya nchi kwa jina la uchaji Mungu, halafu ikavumilia kufunguliwa kwa Sun City mwaka wa 1979 katika Bophuthatswana, mojawapo ya vijinchi ilivyovibuni kwa ajili ya Waafrika. Wazungu walitoka Johannesburg wikendi kwenda kufanya kule kile walichokataza nyumbani, kisha wakarudi makwao wakiwa watu safi.

Kenya haina ardhi za makabila zenye kasino zake, lakini swali la serikali ipi yenye mamlaka juu ya kamari lilitufikia kwa njia ya Katiba ya mwaka wa 2010. Fungua Jedwali la Nne la Katiba hiyo. Katika orodha ya kazi za serikali ya taifa utaona kamari na kasino za kitaifa. Katika orodha ya kazi za kaunti utaona tena kamari na kasino, zikiwa zimewekwa pamoja na burudani za umma. Mstari wa mpaka haukuchorwa. Chumba cha kamari kilicho Kangemi ni cha kaunti, au ni cha taifa? Na je, mchezo ambao hauna chumba, uliomo ndani ya simu ya mtu aliyeketi kitini mwake Mountain View, ni wa kaunti gani? Wanasheria wamelijadili sana jambo hili. Mimi naona kwamba walioandika Jedwali lile walikuwa bado wakifikiria majengo.

Na majengo ndiyo yaliyokuwa yakiondoka. Sheria ya 1966 iliijua tikiti ya karatasi, meza na mlango. Ilimjua mtu atokaye nyumbani kwake kwenda mahali pa kamari, akionwa na watu, na ambaye angeweza kuaibika njiani akarudi. Mwaka wa 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na fedha ikaanza kusafiri kwa simu. Ulikuwa msaada mkubwa kwa taifa, wala sisemi neno dhidi yake. Mama aliye kijijini hupata fedha ya mwanawe dakika ile ile. Lakini njia ipitishayo fedha ya chakula hupitisha na fedha ya kamari. Mwaka wa 2014 ilianza SportPesa, na nyingine zikaifuata kwa wingi. Kijana sasa aliweza kuweka shilingi zake juu ya mechi ya Uingereza akiwa darasani, ndani ya matatu, au kitandani usiku wa manane. Lugha nayo ikapata kitenzi kipya, kubeti, ambacho hakina aibu ya kamari wala heshima ya bahati nasibu. Mwaka wa 2016 ilitokea hata bahati nasibu iliyojiita ya taifa, Pambazuka, ingawa mwendeshaji wake alikuwa kampuni ya watu binafsi.

Mwezi wa Mei 2017 mtu mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri sawasawa mechi 17. Nchi nzima ilimsikia. Wewe uliyesoma hesabu ya uwezekano, tazama jambo lenyewe. Kila mechi ina matokeo ya namna tatu: huyu ashinde, yule ashinde, au watoke sare. Mechi 17 zina mpangilio wa matokeo kwa namna 129,140,163. Kama ungejaza mpangilio mmoja kila sekunde, bila kulala wala kula, ungemaliza baada ya miaka minne na zaidi. Ni kweli kwamba mjuzi wa mpira hachagui kwa kufumba macho, na timu kubwa huishinda ndogo mara nyingi. Lakini mchezo uliwekwa kuwa wa mechi 17 kwa sababu ujuzi wa mtu huishia njiani kabla ya kuzifikia zote. Mshindi mmoja alionekana na kila mtu. Walioshindwa hawakupigwa picha.

Katika mwaka huo wa 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika habari za kamari. Kati ya Wakenya waliojibu, 76 katika kila 100 walisema wamewahi kucheza, nao walizishinda nchi nyingine zote zilizoulizwa. Nakutahadharisha, kama inavyompasa mwanafunzi wa historia, kwamba maswali hayo yaliulizwa kwa simu, na mwenye simu yu karibu na kamari kuliko asiye nayo. Hata ukipunguza hesabu hiyo, habari yabaki kubwa. Vijijini nako zilikwisha kuingia mashine za kutumbukiza sarafu, zikawekwa madukani na hata karibu na shule, mpaka serikali ikaamuru zikamatwe, na nyingi zikateketezwa kwa moto hadharani. Moto ulizifaa mashine. Kuichoma simu hakuna awezaye.

Sasa twaja kwenye kiini cha habari yetu. Mwezi wa Machi 2017 Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alipendekeza Bungeni kwamba kampuni zote za kamari na bahati nasibu zitozwe kodi ya asilimia 50 ya mapato yao. Kabla ya hapo bahati nasibu zilitozwa asilimia 5 na wapokeaji wa dau za michezo asilimia 7.5. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwalinda vijana. Wabunge walilikataa pendekezo. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kutia sahihi mswada ulioliacha nje. Mwisho wakapatana kwa asilimia 35, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018. Siku zile zile SportPesa ikatangaza kuondoa fedha zake katika michezo ya Kenya. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo mashabiki wake ni watu wa mishahara midogo, zikajikuta hazina wa kulipa wachezaji. Hapo ndipo wengi walipotambua jinsi mpira wetu ulivyokuwa ukilishwa na fedha ya kamari. Mchezaji wa Nairobi alilipwa na kijana wa Nairobi aliyepoteza dau lake juu ya timu ya Uingereza. Na fedha nyingine ilikwenda Uingereza kwenyewe, ambako kampuni hiyo ilikuwa imelitia jina lake katika jezi za Everton.

Tangu hapo kodi imepanda na kushuka kama ndoo kisimani. Ile asilimia 35 ilishushwa kuwa 15 katika sheria ya mwaka wa 2018, na washindi wakatakiwa kukatwa asilimia 20 ya fedha waliyoshinda. Ukazuka ugomvi juu ya maana ya kushinda: je, mtu aliyeweka shilingi 100 akarudishiwa 150, ameshinda 150 au 50? Ugomvi huo, unaoonekana kama wa watoto, ulikuwa wa mabilioni. Mwezi wa Julai 2019 leseni za kampuni 27 zilikataliwa, na mwezi wa Septemba SportPesa na Betin zikafunga kazi nchini. SportPesa ilirudi baadaye. Mwaka huo huo likawekwa tozo la asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka wa 2020 likafutwa. Mwaka wa 2021 likarudi kwa asilimia 7.5, mwaka wa 2023 likawa 12.5, mwishoni mwa 2024 likawa 15, na katikati ya 2025 likageuzwa kuwa asilimia 5 ya fedha ambayo mchezaji huiweka katika akaunti yake ya kamari.

Kwa nini mkono wa serikali ulitetemeka namna hii? Jibu langu ni kwamba ulikuwa ukishika mambo mawili yanayovutana. Kodi ya kuzuia hupandishwa mpaka watu waache, na siku watu waachapo haileti kitu. Kodi ya kujaza hazina hushushwa mpaka watu warudi. Haiwezekani kodi moja iwe ya namna zote mbili, na kila Waziri aliyesimama Bungeni alisema ya kwanza huku makisio yake ya mapato yakihitaji ya pili. Sisemi kwamba walikuwa waongo. Nasema walikalia kiti ambacho hata mtu mkweli hukivuta upande mmoja.

Ndipo lilipokuja tena pendekezo la taifa kuwa na bahati nasibu yake. Mwaka wa 2023 liliandikwa katika Mswada wa Bahati Nasibu ya Taifa, sambamba na Mswada wa Kudhibiti Kamari. Wanaolitetea wana hoja zisizopaswa kudharauliwa. Husema kwamba watu watacheza tu, na heri faida ijenge nyumba za sanaa na viwanja kuliko imfae mwenye kampuni aishiye ng'ambo. Husema kwamba bahati nasibu moja ya taifa, yenye hesabu zilizo wazi, ni rahisi kuilinda kuliko kampuni mia. Hoja ya pili naikubali kwa sharti la yale maneno "hesabu zilizo wazi". Ya kwanza yanipa shaka. Ile kampuni ya ng'ambo serikali yaweza kuifukuza, kama ilivyowafukuza wageni 17 wa biashara hiyo mwezi wa Mei 2019. Bahati nasibu ikiwa mali ya serikali, atakayeifukuza ni nani?

Mswada wa Kudhibiti Kamari ndio uliotangulia kuwa sheria. Mwezi wa Aprili 2025 Bodi ya zamani ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa sababu yalikuwa yamejaa hata katika saa za watoto. Tarehe 7 Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, na sheria ya 1966 ikafutwa baada ya miaka 59. Mahali pa Bodi pakawekwa Mamlaka mpya ya kudhibiti kamari. Dau la mtandaoni halipaswi kupungua shilingi 20, ili asiye na kitu asiivutwe na shilingi moja moja, na asiyetimiza miaka 18 hapaswi kucheza kabisa. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kuhusu hizo shilingi 20, mmoja alijibu kwamba sasa watu watachangiana. Sina hakika kama alitania.

Kuna jambo moja zaidi, na nimeliweka mwisho kwa sababu ni jipya. Mwaka wa 2018 serikali ilianzisha Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambao hupata riziki yake hasa katika kodi za kamari, na ambao kanuni zake ziliruhusu sehemu ya fedha itumike hata kwa afya. Mwaka wa 2024 ulianza kujengwa uwanja wa Talanta huko Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, wa watazamaji 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Hauko mbali na ule uwanja wa farasi wa 1954. Fedha za ujenzi zilikopwa kwa kuwauzia wawekezaji hati za dhamana za karibu shilingi bilioni 44.8, zilizoandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi wa Julai 2025, na Mfuko huo ukatajwa kuwa chanzo cha malipo yake. Maana yake ni kwamba fedha ya kamari ambayo bado haijachezwa imekwisha kuahidiwa kwa mtu. Muda wa hati hizo ni miaka 15, na yule kijana wa Kangemi aliyeinamia simu yake ataendelea kuzilipia, dau kwa dau, mpaka mwaka wa 2040.